Klabu yetu ya wasichana wa uhandisi imegawanyika: tumpokee kijana wa kiti mwendo au tubaki wenyewe?

Binti_Sakina:

Shikamooni wakubwa. Wenzangu, mambo.

Nasoma stashahada ya uhandisi mitambo, mwaka wa pili, chuo kimoja hapa Arusha nisichokitaja. Darasani tuko 41, wasichana sita. Mwaka jana tulianzisha klabu na wenzetu wa madarasa mengine, na chanzo chake ni kitu kidogo: ripoti. Kwenye mazoezi ya karakana mnapangwa kundi la watu saba, mashine moja. Mwalimu hajamaliza kuelekeza, mvulana mmoja ameshashika mpini, wengine wamemzunguka, na mtu ameshanisukumia daftari: "Wewe una mwandiko mzuri." Muhula mzima mimi ni mwandiko mzuri. Nikaanza kuhesabu kimya kimya nyuma ya daftari hilohilo. Mazoezi tisa, mashine ya kukereza, ile inayozungusha chuma huku kisu kinakichonga, nimeigusa mara mbili, na mojawapo nilikuwa naifuta mafuta.

Tulipompelekea mwalimu ile hesabu hakubisha. Akakubali zamu, kila zoezi mwandishi anabadilika. Basi. Imesaidia kuliko semina zote tulizokalishwa.

Sasa kuna kero mbili. Ndogo naitaja nipunguze hasira tu: wageni wakija tunaitwa sisi, tunavishwa helmeti mpya, tunapigwa picha tumeinamia injini ambayo haijawahi kuwaka tangu nifike. Wageni wakiondoka, helmeti zinarudi stoo.

Kubwa ni hii. Kuna kijana wa umeme, mwaka wa kwanza, anatumia kiti mwendo. Ameomba kujiunga. Kasema, "Mimi si msichana, ila na mimi napewa daftari." Mlango wa karakana yao una ngazi nne. Wenzake humbeba, na siku wakiwa na haraka anabaki nje akisubiri kunakili ripoti. Klabu imekatika katikati. Wanaokataa wanasema tukifungua mlango wavulana watajaa, mwezi wa pili mwenyekiti mvulana, sisi tumerudi kuwa makatibu. Wanaokubali wanauliza tutadaije nafasi huku tukimfungia mwenzetu. Mimi niko huku, lakini wale wengine nawaelewa pia. Kura ni Ijumaa. Nishaurini, ila matusi hapana.

Kijana_wa_Kijenge:

Mna ufadhili, mna klabu, kila kitu mnacho. Sisi wa kiume tukianzisha yetu mtasema tunabagua. Someni, acheni siasa.

Binti_Sakina:

Kaka, sijaomba maksi. Nimeomba spana.

Fundi_UngaLtd:

Marahaba mwanangu. Nina karakana ya vyuma mtaa wa Unga Ltd hapa Arusha, mwaka wa ishirini na kitu sasa.

Huyo kijana wa Kijenge nimsimulie jambo. Mimi ni mfupi. Mashine ya kukereza niliyojifunzia ilitoka Ujerumani, imetengenezwa kwa mtu aliyenizidi kichwa kizima. Tajiri wangu akanipigia kichanja cha mbao nisimame juu yake, maana mkono ukiwa usawa wa bega huioni ncha ya kisu vizuri, utaharibu chuma au ujikate. Hakuna aliyesema napendelewa. Walisema asije akaumia.

Mabinti waliokuja kwangu kujifunza, kilichowaangusha si akili. Ni viatu! Buti za usalama nilizozoea kuziona madukani zinaanzia namba 40, binti wa 37 anavaa soksi tatu na bado anatembea kama bata. Ovaroli nayo ikiwa kubwa, mkono unaning'inia, na mkono unaoning'inia karibu na chuma kinachozunguka unakuvuta mzimamzima. Pelekeni kwa mafundi cherehani wa soko la Kilombero wapunguze, waweke lastiki kwenye kifundo. Tena waikate kiunoni iwe vipande viwili. Sababu mnaijua, mimi ilibidi mke wangu anieleweshe.

Kijana mpokeeni. Hofu ya uenyekiti ni ya bure, andikeni tu kwenye katiba yenu.

Mama_Kibosho:

Mdogo wangu, mimi ni mhandisi, niko Moshi. Kwa heshima, Fundi, hofu hiyo si ya bure. Yamenikuta. Chuoni kwetu tulikuwa na kikundi kama hicho, tukakifungua kwa wote bila kujipanga, na mwaka haukuisha mimi niliyekianzisha nilikuwa naagiza chai ya kikao.

Ningekuwa wewe ningetenganisha vitu viwili. Kikao cha wasichana peke yao kibaki, hata mara moja kwa mwezi, kwa yale yasiyosemeka mbele ya wavulana: mwalimu anayeomba namba ya simu usiku, hedhi siku ya zoezi la kuchomelea, msimamizi anayekawia kusaini daftari lako la mafunzo mpaka umchekee. Lakini kazi za klabu, zile za zamu na vifaa, ziwe za kila anayesukumiwa daftari. Na huyo kijana kashajieleza kuwa ni mmoja wao.

Halafu hilo la kuandika ripoti msilichukulie kama utoto. Ukimaliza utataka kusajiliwa fundi sanifu na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Ukienda shahada kuna mafunzo ya miaka mitatu chini ya mhandisi mlezi, yale ya SEAP. Nilipitia huko, kwenye nafasi za wahandisi wa kike zilizofadhiliwa na Norwei. Unaandika ulichofanya wewe, kwa mikono yako, mlezi anasaini. Miezi ya kwanza nilikaa mbele ya karatasi sina la kuandika. Chuo kizima niliandika walichofanya wengine.

Magurudumu_Mawili:

Natumia kiti mwendo tangu mtoto. Mmemjadili kijana wa watu hadi hapa na hakuna aliyesema akamuulize anataka nini. Tuanzie hapo.

Kubebwa si msaada kama mnavyodhani. Ukibebwa unakuwa mgeni wa aliyekubeba. Utagombania vipi spana na mtu aliyekupandisha ngazi?

Ninyi ni wahandisi, basi pigeni hesabu. Ngazi nne, tuseme sentimita 15 kila moja, jumla 60. Mteremko wa kiti ni 1 kwa 12: ukipanda sentimita moja, unaenda mbele 12. Hapo ni mita 7.2. Wengi humwaga zege la mita mbili, wakakata utepe, wakaondoka. Mteremko huo ni karibu nyuzi 17. Kupanda hupandi, na kushuka utasimamia getini. Nafasi ikiwa finyu ukunjeni, na pale pa kukunjia pawe tambarare mita moja na nusu ili kiti kigeuke. Wekeni vyuma vya kushikia pande zote. Uso uwe na mikwaruzo, msiweke tailsi, masika ya Arusha mnayajua.

Vipindi vya ghorofani waombeni wapanga ratiba wavishushe chini. Zege lina gharama, ratiba haina.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu ipo tangu 2010, kwa hiyo hamwombi hisani. Ila ofisini tangulieni na mchoro. Ukianza na sheria wanatafuta mwanasheria, ukianza na mchoro wanauliza mifuko mingapi ya saruji.

Rezista_Bandia:

Mimi ni mwanaume na sitofautishi nyekundu na kijani. Nasoma umeme, na rezista, vile vipande vidogo vya kuzuia umeme, zina mistari ya rangi inayotaja kipimo chake. Mwaka mzima nilibahatisha kwa aibu. Siku hizi napima moja moja kwa multimita, kile kifaa cha kupimia umeme, wenzangu wanadhani ni umakini. Hiyo klabu ina nafasi?

Binti_Sakina:

Ipo. Njoo na multimita yako.

Binti_Sakina (Jumamosi asubuhi):

Mrejesho. Kura 11 kwa 8, tumefungua. Kikao cha wasichana kinabaki kama alivyoshauri Mama Kibosho. Uenyekiti na ufunguo wa kabati la vifaa ni vya wasichana mpaka sisi wa sasa tumalize. Ukatibu ni wa zamu, na zamu ya kwanza ni ya mvulana. Wanane waliokataa wamebaki, wawili bado wamenuna.

Kijana tulimuuliza. Kasema hataki njia hiyo iitwe kwa jina lake, na hataki utepe. Tukaenda naye kupima. Ngazi zenyewe hazilingani: 17, 15, 16, 19. Jumla 67, kwa hiyo mita 8 na sentimita 4, na mbele ya mlango kuna mita tano tu kabla ya mtaro. Lazima ikunjwe. Mlango una sentimita 78, kiti chake 66. Anapita, ila anakwaruza vidole.

Mchoro tukamwachia yeye, maana ndiye anayechora vizuri kutuzidi wote. Akacheka: "Mmenipa daftari tena." Tukampokonya, tukampa futi akapime mtaro.

Fundi, ovaroli sita ziko Kilombero, tunazifuata Jumanne.