Naomba ushauri: tunazidiwa katikati ya uwanja

Assalaam aleikum ndugu na wazee wangu wa kandanda. Mimi ni msaidizi wa mwalimu katika timu ya mtaa hapa Malindi, na jambo hili linaninyima usingizi.

Tunacheza mfumo wa 4-4-2 (mabeki wanne, viungo wanne wakiwemo mawinga wawili wa pembeni, na washambuliaji wawili), na kila tukikutana na timu yenye viungo watatu wa kati, wawili wetu wa kati huzidiwa idadi: mmoja akitoka kumkaba mwenye mpira, nyuma yake hubaki uwazi ambamo mpinzani hupokea pasi na kugeuka bila kuguswa, akawaendea mabeki wetu. Ikifika dakika ya 60 pumzi zimewaishia, na kwa jinsi kusi inavyovuma, mipira mirefu ya kipa hurudi papo hapo tulipo dhaifu.

Tumejaribu kuwaingiza mawinga ndani, pembeni pakawa wazi. Nimempendekezea mwalimu apunguze mshambuliaji mmoja na kuweka kiungo mkabaji mbele ya mabeki, kazi aliyoifanya Claude Makelele akiwa Chelsea na Victor Wanyama wetu akiwa Southampton, lakini anahofia tutakosa mabao. Hofu yake naielewa, ingawa naamini tunapoteza zaidi kwa kubaki hivi.

Naomba kuuliza: je, mshambuliaji wa pili anaweza kufundishwa kushuka na kumbana kiungo wao wa chini bila kubadili mfumo, na kwa mazoezi gani? Na nimrudie vipi mwalimu, aliye mkubwa kwangu kwa umri, bila kumvunjia heshima?