Naomba ushauri: binti yetu wa kuasili anatengwa na wenzake

Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Niko Moshi, Pasua. Mimi na mume wangu tunalea binti wa miaka 9. Tulimchukua kituo cha watoto kupitia ustawi wa jamii, na Mahakama Kuu imeshatupa amri ya kuasili. Nyumbani hatuna shida naye kabisa.

Shida iko shuleni. Wenzake wamejua alikotoka, wanamwita "mtoto wa kituo". Wakiruka kamba yeye anashikishwa kamba tu, zamu yake haifiki. Nikaona penseli na hela ya andazi hazimalizi siku, kumbe anagawa. Nilipomuuliza akajibu, "Mama, nisipowapa wanaondoka." Yaani niliishiwa nguvu.

Nilimwona mwalimu wa darasa, akawachapa wawili. Ikawa mbaya zaidi, sasa wanamwita mchongezi. Jumamosi namwalika binti wa jirani, wanacheza mdako hadi jioni wakicheka, kwa hiyo kucheza na wenzake anaweza.

Halafu kuna rafiki yake aliyebaki kituoni, amekua naye. Anamuulizia kila wiki. Mawifi wanasema tumkatishe ili asahau. Mimi moyo unakataa.

Mliopitia haya, naomba mnisaidie: nimwombe mwalimu aongee na darasa zima kuhusu watoto wa kuasili, au nitakuwa nimemtangaza zaidi? Na kumpeleka kumwona rafiki yake kutamtuliza au kutamrudisha nyuma?