Tupeane uzoefu: Kisiwa gani cha Karibi ulitia nanga ukapokewa na wanyama badala ya watu?

Mkojani77:
Wakuu, salaam. Najua humu tupo wachache tulioanzia meli za mizigo tukaishia kwenye boti za matanga za matajiri kule Karibi. Leteni mikasa ya vile visiwa ambavyo ukishuka unakuta wanyama ndio wenye mji. Naanza mimi.

Januari 2019 tulitoka Antigua na wageni wanne kwenda Barbuda. Mwendo wa nusu siku tu, lakini nahodha alikosa raha tangu alfajiri. Kisiwa ni bapa kama chapati, sehemu ya juu kabisa haifiki mita 50, hukioni mpaka umeshakifikia, na miamba imekizunguka. Nikapandishwa mlingotini kusoma rangi ya maji: bluu pita, kahawia kaa mbali. Kwetu Kojani ndiyo kazi ya kila siku, kwa hiyo hapo sikuwa mgeni.

Kesho yake tukaenda kuona ndege waitwao fregata kwenye ziwa la maji chumvi la Codrington. Huingii na boti yako, unapelekwa na mwenyeji. Jamani! Mikoko yote nyeusi kwa ndege, maelfu, bawa hadi bawa zaidi ya mita 2. Dume anavimbisha mfuko mwekundu kooni mpaka unakuwa puto, anatetemesha mabawa, anapiga mdomo kama anayegonga ngoma. Majike wanazunguka juu wanachagua. Sisi tupo hatua chache tu na hawana habari nasi.

Cha ajabu, ndege huyu ni wa bahari lakini hatui majini. Manyoya yake yanalowa, akitua kunyanyuka ni shida. Basi mara nyingine anawapora ndege wenzake samaki huko huko angani.

Kimbunga Irma, Septemba 2017, kilivunja ile mikoko na kukata ukanda wa mchanga unaotenga ziwa na bahari. Watu wote wa Barbuda walihamishiwa Antigua. Ndege walirudi. Watu wengine hadi tunafika sisi walikuwa bado. Tulipita nyumba haina paa, punda kasimama sebuleni.

Bi_Shangani:
Mkojani, hao madume umewasifu sana! Sema na hili: dume hukaa na mtoto kama miezi mitatu, kisha huyoo. Jike anabaki kulisha hadi mwaka na zaidi. Nawajua wa aina hiyo nchi kavu pia.

Mie nilikuwa mpishi wa boti, tukalala Tobago Cays, kule St. Vincent. Visiwa vidogo, havina mkaazi. Ukiosha sufuria tezi, yaani nyuma ya boti, kasa anaibuka kuvuta pumzi karibu yako, anakutazama, anarudi chini kula majani. Kuna eneo limezungushiwa maboya kwa ajili yao.

Yangu mie haikuwa ya kasa. Mvua ilishika tuko ufukweni, nikajibanza chini ya mti wenye vitunda kama matufaa madogo. Kumbe ndio manchineel! Maji yanayochuruzika kwenye majani yake yanaunguza. Shingo na mabega malengelenge siku nne. Huwa wanaipiga rangi nyekundu kwenye shina kuonya, wangu rangi ilishapauka. Mkiona tufaa ufukweni, ondokeni hata kama ni gharika.

Kijana_wa_Kigamboni:
Wakuu, viza inakuwaje huko?

Nahodha_Mstaafu:
Kijana, inategemea kisiwa. Mimi nilitia nanga Mona, katikati ya Puerto Rico na Jamhuri ya Dominika. Hiyo ni Marekani, viza ni ya Marekani, na kibali cha kushuka kinaombwa mapema. Wanaokaa ni askari wa hifadhi tu. Mkondo wa mlango-bahari ule ulitutapisha wote, tukafika hoi, tukatandaza chakula mchangani. Wakaja mijusi iguana, wakubwa kama kenge, zaidi ya mita moja, wa aina isiyopatikana pengine popote. Mmoja akala papai letu lote taratibu, kama mzee aliyealikwa. Hatukuwa na nguvu ya kumfukuza, na hairuhusiwi.

Kijana_wa_Kigamboni:
Shikamoo mzee, nimekuelewa. Mkuu Mkojani, yule punda wa sebuleni mlimtoa?

Mkojani77:
Hatukumgusa. Nyumba ilikuwa ya shangazi yake yule mwenyeji wetu, bibi wa watu yuko Antigua. Jamaa kila akipita anapunguza mwendo, anamuuliza punda: “Mpangaji, kodi lini?”