Sulisuli wa Januari: Florida Keys au Watamu?

MshipiMrefu
Wakuu, salaam. Niko kwenye theluji na nina wiki moja ya mapumziko, mwisho wa Januari au mwisho wa Februari. Nataka kukodi boti siku tatu nimtafute sulisuli, yule samaki mwenye pezi kubwa kama tanga. Nimebakiwa na sehemu mbili: visiwa vya Florida Keys kule Marekani, au Watamu, Kenya. Nimewahi kuvua ziwani tu. Waliokwenda kote kuwili, mngenishauri nini?

NahodhaWaZamani
Karibu. Kwanza usichague kwa picha za samaki, maana sehemu zote mbili sulisuli yupo miezi hiyo. Chagua kwa upepo.

Florida wakati wa baridi huja vipupwe kutoka kaskazini, na hivyo ndivyo vinavyomsukuma sulisuli kushuka kusini. Wenyeji wanavingoja kwa hamu. Tatizo ni kwamba mkondo mkubwa wa bahari pale, Gulf Stream, unakwenda kaskazini, kwa hiyo upepo na mkondo vinakutana uso kwa uso na mawimbi yanasimama wima kama ngazi. Samaki wanakula vizuri sana siku ambayo mgeni anatapika vizuri sana. Kipupwe kikipita, siku mbili tatu bahari inatulia, halafu kinakuja kingine.

Watamu ni kaskazi, upepo wa kaskazini mashariki unaovuma kwa utaratibu wake kuanzia Desemba hadi Machi. Haukushtukizi. Asubuhi unakuwa mpole, alasiri unapanda. Ndiyo maana boti zinatoka alfajiri.

Mama Chambo
Naongezea kwa kaka hapo juu. Namna ya kuvua pia ni tofauti, na kwa mtu wa ziwani hilo si dogo. Florida wanarusha tiara! Tiara kabisa, kama ya watoto, inashika mshipi juu na chambo hai kinarukaruka kwenye uso wa maji. Unaona kila kitu: pezi linavyotokea nyuma, samaki anavyogeuka. Watamu kazi kubwa ni kurambaza. Boti inatembea saa nzima ikikokota chambo, nawe umekaa unatazama povu. Kuna watu wanaipenda hiyo, mimi nasinzia.

Lakini Watamu unaweza kukutana na kitu ambacho hukukitarajia. Nduaro (marlin) wa aina tatu wanapita pale, mweusi, wa buluu na wa mistari, na jodari juu yake. Unatoka kumtafuta sulisuli, unarudi mikono inatetemeka.

Ndoana_Butu
Mnamtisha mgeni bure. Mkuu, nenda Florida, panda boti ya kuchangia, mnakuwa watu wengi, mnavua chini kwenye miamba, unarudi na samaki wa kula. Sulisuli ni wa kupiga picha tu.

NahodhaWaZamani
@Ndoana_Butu, boti ya kuchangia ni nzuri kwa kujifunza, ila usimwahidi kitoweo cha chewa. Upande wa Atlantiki, pamoja na Keys, uvuvi wa chewa wa maji mafupi unafungwa kuanzia Januari 1 hadi Aprili 30. Ukimvuta unamrudisha. Leseni ndiyo haimsumbui, ya boti inawafunika abiria.

Nami swali langu kwa kila nahodha kabla sijalipa ni hili: bahari kuu ikikataa, tunakwenda wapi? Mwaka fulani nilikodi boti bila kuliuliza. Upepo ukaja, nahodha akakomaa na maji makuu, tukapigwa saa nne tukarudi mikono mitupu. Boti ya jirani ilikuwa imejificha demani, upande uliokingwa na upepo, ikivuta samaki. Kwa hilo Keys wana bahati: kaskazini ikivuma, visiwa vyenyewe vinakinga upande wa bahari, na kati ya visiwa na mwamba mkuu kuna Hawk Channel, yenye vijimwamba vifupi ambako unaweza kushinda siku nzima.

Mtepe
Watamu hakuna kinga ya namna hiyo. Ukishavuka mwamba ni bahari wazi, na maji ya ndani mengi ni hifadhi ya bahari tangu 1968, hakuna kuvua humo. Usimwombe nahodha "tupige kidogo hapa karibu". Angalia pia maji. Pwani ya Kenya wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti inafika karibu mita nne, Keys haifiki hata mita moja. Maji yakipwa huku upepo unaingia, kutoka kwenye mlango wa mwamba kunakuwa na purukushani. Uliza ratiba ya maji kabla ya kufunga tarehe.

Na uliza kama wanatia alama. Sulisuli anawekewa kijialama, urefu unakadiriwa, anaachiwa, na shirika la African Billfish Foundation pale Watamu linatunza kumbukumbu. Sisitiza ndoana ya duara kama mnatumia chambo cha asili, inashika pembeni mwa mdomo badala ya kumezwa. Florida nako, sulisuli wa kuachiwa haruhusiwi kutolewa majini, hata kwa picha. @Ndoana_Butu umesikia?

Ndoana_Butu
Nimesikia, babu.

MshipiMrefu
Asanteni sana. Nilikuwa nimeelemea Florida, lakini nina siku tatu tu na vipupwe siwezi kuvipangia. Nakwenda Watamu mwisho wa Februari. Boti nzima, siku tatu mfululizo au niache siku moja katikati?

Mama Chambo
Acha katikati, mdogo wangu. Mgongo utakushukuru, na siku mbaya ikitokea una pa kuisogeza. Dawa ya kichefuchefu meza usiku wa kuamkia safari. Ukingoja mpaka boti ianze kuyumba, umechelewa.