Glikoliki au TCA kwa madoa ya mashavu? Harusi ni wiki tatu tu

Binti_Kamalondo
Jambo wapendwa. Niko Lubumbashi. Shida ni madoa meusi kwenye mashavu yote mawili, yale yanayobaki chunusi ikishapona, na kwenye kidevu bado chunusi zinatoka. Harusi ni Jumamosi ya tatu kutoka leo. Pilingi, yaani kuchubua ngozi kwa asidi, imeshaamuliwa, ila sijui ipi. Wengine wananiambia glikoliki, wengine salisiliki, wengine TCA (asidi ya trikloroasetiki). Ipi inafanya kazi haraka? Mnijibu leo tafadhali, usiku sipati usingizi.

Yaya_BelAir
Hongera mama, Mungu abariki ndoa! Mimi nilifanyiwa ya salisiliki miaka ile. Ilikuwasha kidogo, kisha ikatulia, wala haikuumiza. Kesho yake shemeji yenu akanipeleka uwanjani kuangalia Mazembe. Tulikaa upande wa jua kuanzia saa tisa, bila kofia, bila mafuta ya kuzuia jua. Tulishinda mechi, lakini mashavu yangu yalirudi meusi kuliko yalivyokwenda, na ilichukua karibu mwaka kufifia. Na nguo nilivaa ya njano, kwa hiyo picha zote za msimu ule ninaonekana kama nimepakwa masizi.

Muuguzi_Ruashi
Mama, nikujibu swali lako kisha nikuulize langu.

Salisiliki huyeyuka kwenye mafuta, ndiyo maana inaingia ndani ya vitundu vya ngozi na kusaidia chunusi. Kliniki hutumia ya asilimia 20 hadi 30, na ngozi nyeusi huivumilia vizuri ikiwa mpakaji anajua kazi. Haifai kwa mjamzito wala kwa mtu ambaye aspirini humdhuru. Glikoliki ni asidi inayopatikana kwenye miwa, molekuli yake ni ndogo, inaingia upesi. Lazima izimwe kwa dawa yake au ioshwe kwa wakati wake. Ukichelewa inaendelea kuchoma. Mandeliki ina molekuli kubwa, inaingia polepole, na kwa ngozi zetu mimi naiona ina huruma zaidi. Zote hizi hufanywa kwa awamu, kila wiki mbili hadi nne. Wiki tatu zinatosha mara moja tu, na mara moja haiondoi doa.

TCA ni jambo jingine. Haizimwi hivyo. Inashuka kadiri ya nguvu yake na idadi ya mipako, ngozi inatoa weupe kama ukungu, kisha inakauka na kubanduka kwa siku nyingi. Kwenye ngozi nyeusi jeraha lile huacha doa jipya, wakati mwingine kovu.

Sasa langu: miezi sita iliyopita umepaka krimu gani usoni? Umemeza vidonge vya chunusi vya isotretinoini? Una mimba?

Papa_Katuba
Binti yangu, bwana aliyekutolea mahari alikuona ukiwa na hayo madoa. Alikupenda hivyo. Mama yenu mkubwa nilimwoa ana kovu la moto kwenye shavu, na hadi leo uso ule ndio ninaoutafuta nikirudi nyumbani. Usichezee sura aliyokupa Mungu.

Binti_Kamalondo
Asante papa. Asante muuguzi. Mimba hakuna, vidonge hakuna. Mambo ya krimu tuyaache, ni mafuta ya kawaida. Niseme ukweli: chupa ninayo tayari, ni TCA ya asilimia 30, ililetwa kutoka ng'ambo ya Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Dola 25. Aliyeniuzia alisema ni mpako mmoja tu na siku saba uso unakuwa mpya. Sasa naomba tu mnieleze niiache dakika ngapi.

Muuguzi_Ruashi
Sitakuambia dakika. Mafuta ya kawaida yana jina. Soma tyubu, uandike hapa lilivyoandikwa.

Yaya_BelAir
Mama, jibu. Sisi sote tumepitia kwenye hizo tyubu, hakuna atakayekucheka.

Binti_Kamalondo
Ni klobetasoli. Inachanganywa na losheni, asubuhi na jioni, miaka miwili sasa. Lakini aliacha tangu Jumapili, na ngozi ni laini, inang'aa, hata haina shida yoyote. Ndiyo maana naona itapokea vizuri.

Kijana_wa_Golf
Aliacha NANI? Ulianza na harusi, sasa ni mtu mwingine. Na akaunti hii hii mwezi uliopita iliuliza bei ya viti vya saluni. Jamani, hakuna bibi harusi hapa. Huyu ana chupa za kuuza, anatafuta mtu amwandikie maelezo ya kubandika juu yake.

Papa_Katuba
Mimi nimemwombea mtu ambaye hayupo?

Yaya_BelAir
Muuza chupa hawezi kusema hapati usingizi. Mwacheni ajieleze.

Binti_Kamalondo
Yupo. Siuzi chupa. Nina saluni ndogo, nasuka, napamba maharusi. Yeye ni mteja wangu, ana miaka 23, na mama yake ameshalipa nusu ya kazi yote: nywele, uso, kucha. Niliogopa kusema kwa sababu nilijua mtasema "usimguse". Lakini nyinyi hamjui hali. Nikikataa, ataenda kwa mwingine atakayempaka bila kuuliza hata swali moja. Mimi angalau nauliza.

Muuguzi_Ruashi
Unauliza, ndiyo, na hilo nalithamini. Basi sikia. Klobetasoli ni krimu ya steroidi kali sana, na miaka miwili ya kuipaka imeifanya ngozi ile kuwa nyembamba. Huo ulaini unaousifu ni wembamba. Asidi itashuka ndani kuliko ulivyokusudia na hutaweza kuirudisha. Tena akiacha krimu ghafla, ndani ya siku au wiki chache uso unaweza kuwaka moto, kuwa mwekundu, kujaa vipele, hata bila pilingi. Daktari ndiye wa kumwambia aiache kwa hatua gani. Je, umeshampaka popote?

Kijana_wa_Golf
Ajibu hilo.

Binti_Kamalondo
Jumatatu nilijaribu chini ya taya, upande wa kushoto, padogo kama ukucha. Paligeuka peupe mara moja. Jana amenitumia picha: pamekuwa kahawia iliyokolea, panavuja maji pembeni. Ameuliza kama ni kawaida. Sijamjibu.

Muuguzi_Ruashi
Mjibu sasa hivi, kabla ya kunijibu mimi. Mwambie si kawaida. Paoshwe kwa maji safi, papakwe vaselini nyembamba, pakingwe na jua. Asibandue gamba, asipake limau, asipake dawa ya meno, wala poda. Pakivimba, pakitoa usaha au akipata homa, aende hospitali siku hiyo hiyo. Hata bila hayo, kesho mpeleke kwa daktari wa ngozi, ubebe tyubu na chupa yenyewe, umwambie daktari ni asilimia ngapi na ulipaka lini.

Yaya_BelAir
Na mama yake naye umwambie. Asije akasikia kwa majirani.

Binti_Kamalondo
Nimempigia binti mwenyewe. Alilia kidogo, kisha akaniuliza kama vazi la shingo ndefu litafunika. Kesho saa mbili nampitia kwao. Chupa iko kwenye mfuko wangu.