Windows 10 imeishiwa muda: niende 11, nibaki hapa hapa au ninunue laptopu nyingine? (Moshi)

MajengoSteshenari
Wakuu habari za jioni. Nina kasteshenari kangu hapa Moshi, sasa kompyuta kila nikiwasha inanitolea tangazo kwamba Windows 10 haihudumiwi tena tangu tarehe 14 Oktoba 2025 na nihamie 11. Jirani wa duka la simu anasema niachane na hilo tangazo nibaki na 10, kijana fundi anataka 20,000 anipigie Windows 11 leo leo, na shemeji yangu wa Arusha ananiambia nisihangaike nikachukue used nyingine. Kati ya hawa watatu nani yuko sahihi? Naomba ushauri kabla ya Ijumaa maana huyo fundi anapita tena.

ChaliiYaSakina
Mashine gani?

FundiNgarenaro
Mkuu hapo ni sawa na kumpigia makenika simu unamwambia gari linagoma nibadili injini? Taja mashine, prosesa, ramu, ni hadidiski ya zamani au SSD (ile diski mpya yenye kasi), na unaifanyia kazi gani. Bila hayo tutapiga ramli tu.

MajengoSteshenari
Ni HP. Rangi ya fedha. Niliichukua used 2022 kwa jamaa pale Double Road, haijawahi kunisumbua ila kuwaka ndio shida, naiwasha nafagia duka, napanga vitu nje, nikirudi ndio inakuwa tayari.

ChaliiYaSakina
HP rangi ya fedha 😂😂😂 aisee

FundiNgarenaro
Bonyeza kile kitufe chenye alama ya Windows pamoja na R, andika msinfo32 halafu enta. Kuna mstari wa prosesa, uandike hapa kama ulivyo.

MintKibosho
Wakati tunasubiri majibu, mimi nasema toa Windows weka Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, uondokane na haya mateso. Laptopu yangu ni ya 2013, ramu 4, inapaa. Bure, hakuna kutafuta krak (programu ya wizi isiyo na leseni), na Mint 22 inahudumiwa hadi 2029. Watu mnapenda kuteseka tu.

MangiWaKiborloni
Nilijua tu utakuja na Mint yako. Hata mtu akiuliza bei ya mbolea huyu atajibu Mint.

MajengoSteshenari
Nimeona. Intel Core i5-6300U, ramu 8, kwa chini imeandikwa EliteBook 840 G3, hadidiski 500. Kazi ni kuchapa, kuprinti, kuskani, fomu za vyuo na mikopo msimu ukifika, picha za pasipoti, na kadi za harusi na kipaimara. Halafu jamani mimi ni mama wa watoto wawili, naona mkuu mkuu tu hapa.

FundiNgarenaro
Samahani mama. Sasa hapo tunaongea. Angalia ile namba baada ya i5, inaanza na 6, hicho ni kizazi cha sita. Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kuanzia kizazi cha nane, pamoja na kachipu ka usalama ka TPM 2.0, ramu 4 na nafasi ya GB 64. Ramu unayo, nafasi unayo, prosesa ndio inakukatalia. Kwa hiyo huyo kijana akija kukupigia 11 ataipitisha mlango wa nyuma, kuna kaprogramu kanaitwa Rufus kanatengeneza flashi isiyokagua hivyo vitu. Itawaka na itafanya kazi, sikudanganyi, nimezipiga nyingi. Ila Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo hawakuahidi apdeti, na ile apdeti kubwa ya mwaka mara nyingi haiji yenyewe, inabidi umwite fundi tena na flashi yake. Kila mwaka 20,000.

ChaliiYaSakina
Kwa hiyo fundi anajitengenezea pensheni

NjiroOfisini
Mama, huyo fundi wa 20,000 muulize swali moja tu, anaingiza akaunti ya nani. Mwaka jana mwezi wa sita ofisini kwetu (tunapeleka wageni mbugani, tuko watu watatu) tulikuwa na Dell ya kizazi cha nane inayoikubali 11 bila shida, bosi akaita kijana apige upya kabisa. Pale mwanzoni inadai imeili ya Microsoft, bosi hana, kijana ana haraka akaweka ya kwake akasema mtabadilisha baadaye. Nani abadilishe, msimu umeanza. Sasa kumbe Windows 11 toleo la 24H2 ukiipiga upya na ukaingia na akaunti ya Microsoft inaifunga diski yenyewe wala haikuulizi, na ufunguo unapelekwa kwenye ile akaunti iliyoingia. Wiki tatu baadaye ikaja apdeti ya BIOS (kale kaprogramu ka ndani kanakoiwasha mashine), kesho yake tunawasha tunakuta skrini ya buluu inadai ule ufunguo, namba yenye tarakimu 48. Arobaini na nane! Tukadhani virusi. Kijana simu haipatikani, tunaulizia tunaambiwa yuko Mererani, na laini ya zamani kaipoteza. Humo ndani kuna ratiba za wageni wanane wa Serengeti, vocha za hoteli, kila kitu, na wageni wanashuka KIA Jumamosi. Nilikesha siku mbili naandika upya kwa kuokoteza kwenye WhatsApp na imeili za zamani, bei nyingine naziandika kwa kichwa, moja nikakosea tukala hasara ya chumba usiku mzima. Kijana tulimpata siku ya sita kupitia shangazi yake anayeuza ndizi Kilombero. Akaingia kwenye akaunti, namba ikaonekana, tukafungua dakika mbili. Dakika mbili tu na wageni walishaondoka.

MajengoSteshenari
Uwiii. Na mimi imeili yangu nilifunguliwa na huyo huyo kijana.

ChaliiYaSakina
Sasa hapo kosa ni la fundi, Windows 11 imeingiaje?

NjiroOfisini
Kosa ni la wote, hata bosi. Mtu unafungiwa diski yako bila kuulizwa halafu naambiwa Windows imeingiaje!

FundiNgarenaro
Msituweke wote kapu moja jamani. Mimi mteja lazima akae pembeni yangu afungue akaunti yake na ile namba ya tarakimu 48 naiprinti anaenda nayo nyumbani. Kuna mmoja aliniambia kaiweka kwenye Biblia.

MangiWaKiborloni
Turudi kwa mama. Mimi nabaki na 10 na sina presha. Windows 7 ilifungwa Januari 2020 na mpaka leo kuna maduka mjini inapiga mzigo. Kompyuta haizimiki kwa sababu tarehe imefika.

FundiNgarenaro
Haizimiki kweli, ila mashimo yakigundulika hayazibwi. Wewe Mangi unatumia yako kuangalia mpira. Steshenari kila saa inachomekwa flashi ya mtu tofauti, mwanafunzi katoka nayo hosteli imejaa vairasi, na hapo hapo mama ana kopi za NIDA na vyeti vya watu. Huwezi kufananisha.
Mama, kuna njia ya katikati. Microsoft wametoa huduma ya ziada ya Windows 10 inaitwa ESU, apdeti za usalama tu, hadi 13 Oktoba 2026. Unalipa dola 30, au unatumia pointi 1000 za Rewards (zawadi za Microsoft), au unawasha kubakapu setingi kwa akaunti ya Microsoft bila kulipa kitu. Windows 10 yako iwe toleo la 22H2. Ingia setingi, Windows Update, utaona sehemu ya kujiunga. Halafu hiyo 20,000 ongezea ununue SSD, inakaa pale pale ilipo hadidiski. Kufagia utafagia siku nyingine.

MajengoSteshenari
Hiyo SSD shilingi ngapi?

ChaliiYaSakina
Mimi ya GB 256 nilichukua elfu 65 hapa Arusha, Moshi sijui, huko mnapandishaga.

MangiWaKiborloni
Nani anapandisha? Nyie ndio mnauza kila kitu kwa bei ya mtalii.

MintKibosho
Au Mint na SSD. Nasema tu.

MajengoSteshenari
Kaka Mint, hiyo yako inafungua Publisher, ile programu ya Microsoft ya kutengenezea kadi? Kadi zangu zote za miaka sita ziko kwenye Publisher, mtu anakuja anasema nataka kama ile ya mwanangu wa kwanza.

MintKibosho
Publisher hapana. Kuna programu ya bure inaitwa LibreOffice inajaribu kuzifungua, maandishi yanahamahama kidogo.

MajengoSteshenari
Yakihama kwenye kadi ya kipaimara nitamjibu nini mama wa mtoto?

NjiroOfisini
Hata hivyo mama, hiyo Publisher nayo Microsoft wanaacha kuihudumia Oktoba 2026. Anza kuzitoa kadi zako kwa PDF taratibu.

MajengoSteshenari
Yaani kila kitu Oktoba!

ChaliiYaSakina
Hamia Canva, unatengenezea kadi mtandaoni

MangiWaKiborloni
Na bando utamnunulia wewe? Na umeme ukikatika katikati ya kazi?

ChaliiYaSakina
Kuna Windows 10 nyingine inaitwa IoT Enterprise LTSC 2021, hiyo inahudumiwa hadi Januari 2032. Hakuna anayeisema.

FundiNgarenaro
Kwa sababu leseni yake haiuzwi kwa mtu wa kawaida, ni ya mashine za viwandani na vibanda vya malipo. Utaishia kwenye krak tu, kwenye duka lenye NIDA za watu.

MajengoSteshenari
Jamani fundi kapita leo, nimemwambia asubiri. Nimemuuliza akaunti anaweka ya nani, kanijibu "mama wewe usiwaze". Nimewaza. Nimeanza kukopi kadi kwenye flashi, nimefika 2021. Shemeji naye kapiga kaniambia kapata ThinkPad T480 kwa mtu Kaloleni, hiyo ni kizazi cha nane?

FundiNgarenaro
Nyingi ndiyo, ila kuna chache zilitoka na cha saba. Muombe picha ya msinfo32, sio picha ya laptopu.

ChaliiYaSakina
Na aseme rangi 😂

MintKibosho
T480 na Mint zinaendana sana.

MangiWaKiborloni
Samahani mama naingilia kidogo, hivi hapo kwako kadi 200 za mchango wa harusi unafanya bei gani? Tuna kikao Jumapili.