Kula na kushika simu ukiendesha Uingereza: tupeane uzoefu

Wakuu, naanza na langu. Natoka kubeba boksi alfajiri, njaa inauma, nina chapati na maharage kwenye foili. Mkono mmoja usukani, mwingine mdomoni. Nafika kipilefti, maharage pajani, nainama kufuta, gari likahamia njia ya mwenzangu. Polisi alikuwa nyuma.

Nikajifanya mwanasheria: afande, hakuna sheria inayokataza kula. Akakubali kabisa! Kula si kosa. Kosa ni kuendesha bila uangalifu, na ushahidi ulikuwa kwenye suruali. Faini pauni 100, na pointi 3 za adhabu kwenye leseni. Chapati ghali kuliko zote nilizowahi kula.

Nani mwingine yamemkuta?

*Mlezi wa Wazee:* Pole mkuu, nafuu yako. Mimi nilisimama taa nyekundu, handbreki nimevuta, simu ikalia mapajani. Mama yuko hospitali Tanga, nikaishika nione tu kama ni yeye. Askari wa pikipiki huyo dirishani. Namwambia gari halitembei, ananiambia kwenye taa bado unaendesha. Pauni 200, pointi 6. Leseni yangu ilikuwa na miezi 14, na hapa ukifikisha pointi 6 ndani ya miaka 2 ya kwanza wanaifuta. Unarudi kwenye leseni ya mwanafunzi, mtihani wa nadharia, kisha wa barabarani. Kazi yangu ni kuzungukia wazee nyumba kwa nyumba. Bila gari, ajira ikaota mbawa. Na simu yenyewe ilikuwa ya mtu wa bando.

*Kipilefti:* Duh. Si walikuwa wanakataza kupiga na kutuma meseji tu?

*Mlezi wa Wazee:* Zamani. Tangu Machi 2022 hata kupiga picha, kubadili wimbo au kuperuzi. Ukiishika na kuitumia kwa lolote, umekwisha.

*Kipilefti:* Mbona mimi hulipa kwa simu pale dirishani nikinunua chipsi, sishuki garini?

*Mlezi wa Wazee:* Hiyo ruksa, gari likiwa limesimama. Ramani nayo ruksa, ila simu ikae kwenye kishikio na usiichezee.

*Shemeji wa Leicester:* Mimi ndizi zangu humenyewa na mke wangu kiti cha pembeni. Juzi katoa simu kunirekodi nikitafuna, eti nimwangalie kwanza.